Mfuko wa Saba

Benchi lenyewe ni ubao wa ubavu wa lori, umepigiliwa miguu minne na kuegemezwa ukutani, kati ya duka la Fundi Cherehani na kibanda cha Antena, mtengenezaji wa redio na simu. Linatosha watu wanne wakibanana. Jua hulifikia saa tatu, na kwa kawaida mazungumzo huvunjika mtu wa kwanza anapoanza kujifuta shingo. Asubuhi hiyo jua lilifika, shingo zikafutwa, na hakuna aliyeondoka. Mpwa wa Fundi alikuwa kwenye mashindano ya uhandisi ya wanafunzi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapo, na kidege walichounda yeye na wenzake watatu kilipangiwa kupaa saa nne kamili.

Fundi alisimama mlangoni mwa duka lake, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, macho kwenye saa ya ukutani iliyo juu ya meza ya kupigia pasi.

— Kaa, Fundi, alisema Breki. Ukisimama saa haiendi mbio.

— Nimekaa tangu alfajiri.

— Umekaa wapi? Kikombe chako cha kwanza kimepoa, cha pili kimepoa. Mama Chupa anamwaga kahawa yake bure.

— Simwagi, alisema Mama Chupa. Nakupa wewe. Hujui tofauti.

Breki ni dereva wa lori mstaafu. Jina alilipata siku breki zilipomkatikia mlimani, na tangu hapo hajaacha kuisimulia siku hiyo. Mama Chupa anauza kahawa kwa chupa mbili, ya bluu yenye sukari na nyekundu isiyo na sukari, na hakuna habari inayopita mtaa ule bila kukanyaga mguu wake.

Katika kidege hicho kila mmoja wao alikuwa na kipande chake. Antena aliwaazima wanafunzi chuma cha kulehemu, kisha akalehemu nyaya mbili kwa mkono wake, na ukimsikiliza yeye, ni hizo nyaya mbili ndizo zilizokipeleka hewani. Breki alikata mpira wa tairi vipande vinne vya ukubwa wa kitufe, vya kuzuia mota zisitikise kamera. Mama Chupa alitoa kifuniko cha chupa yake ya zamani, kikawa kofia ya betri. Lakini kazi kubwa ilikuwa ya Fundi. Fundi alishona mfuko.

Masharti ya mashindano yalikuwa haya: kidege kibebe kifurushi cha kilo moja, kivuke uwanja, kikiachie kifurushi ndani ya duara bila kutua. Timu nyingine zilitumia ndoano za chuma. Nahodha, ndivyo benchi lilivyomwita mpwa wa Fundi, alizikataa ndoano. Alisema ni nzito, na ikikwama imekwama. Halafu jioni moja alimwona mjomba wake akifungua gunia la vitambaa. Mjomba alivuta uzi mmoja, na mshono wote ukafumuka kutoka pembe hii hadi ile, trrr, kama mtu anapasua karatasi. Binti akamwomba arudie kwenye gunia jingine. Akamwomba arudie tena. Kesho yake alikuja na daftari.

Hivyo mfuko ulishonwa kwa sindano yenye ndoano, ile ya magunia, mshono wa mnyororo: kila kitanzi kinashikwa na kitanzi kinachokifuata. Ncha ya uzi inafungwa kwenye mota ndogo kama punje ya haragwe. Mota ikivuta, vitanzi vinaachiana kimoja kimoja, mfuko unafunguka, kifurushi kinaanguka. Mshono ukishafumuka, jaribio linalofuata linahitaji mfuko mwingine. Kulikuwa na sharti moja, na Nahodha alilisema siku ya kwanza.

— Mjomba, kitanzi cha mwisho usikifunge. Kiache hivyo hivyo.

— Nimesikia.

Fundi alishona mifuko saba. Wa saba aliumaliza jana alasiri, na huo ndio uliokwenda kwenye mashindano.

Saa nne kasoro dakika ishirini na tano, mikono ya Fundi ilikosa kazi. Aliona kifungo cha shati la Breki kinaning'inia, akachukua sindano, akaanza kukishona shati likiwa mwilini mwa mwenyewe.

— Nichome tu, alisema Breki. Nikifa utamshonea nani bure?

Fundi alishona huku akiitazama saa. Alipomaliza alikata uzi kwa meno. Antena, ambaye kazi yake ni kutazama vitu vidogo, alikuwa akimtazama vidole.

— Hivi wewe unapofunga fundo huwa hutazami?

— Fundo gani?

— Hilo ulilofunga sasa hivi.

Fundi alikitazama kifungo. Fundo lilikuwepo, dogo, limekaza. Hakukumbuka kulifunga. Alikumbuka kutoboa, kuvuta, na kukata. Katikati ya kuvuta na kukata hapakuwa na kitu kichwani mwake. Alibaki ameshika sindano.

— Jamani, alisema. Jana nilifunga?

— Ulifunga nini?

— Mfuko.

Kahawa iliyokuwa ikimiminwa ilisimama njiani.

— Si ulikatazwa? aliuliza Mama Chupa.

— Nilikatazwa.

— Sasa ulifunga au hukufunga?

— Ndiyo nawauliza nyinyi.

— Sisi ndio tulioshika sindano? alisema Antena. Mkono ni wako.

— Mkono ni wangu, lakini umefunga mafundo miaka thelathini na mmoja. Siuagizi. Unafunga wenyewe, kama wewe unavyopepesa macho.

Breki alitoa simu akampigia Nahodha. Simu ilikuwa imezimwa. Antena alimkumbusha kwamba washiriki huacha simu zao getini. Breki alisema basi apande pikipiki sasa hivi awahi. Mama Chupa alimwambia ahesabu kwanza: njia ni saa moja na nusu, na zimebaki dakika ishirini. Breki alikaa tena. Aliwahi kuendesha lori kwa kasi ambayo haisemi mbele ya watu, lakini hata yeye alijua hesabu hiyo haiendi.

Fundi aligeuka akatazama ndani ya duka. Dada yake alipofariki alimwachia binti huyo akiwa na miaka sita, na alikulia chini ya meza ile ya kukatia, akichezea vifungo. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni. Timu nne zitakazofaulu leo zinapewa nafasi katika chuo cha uhandisi. Kesho ni kugombea kikombe tu. Mwaka jana timu yake ilitolewa kwa waya uliolegea. Mwaka huu kila waya umekaguliwa, kila skrubu imekazwa. Kama kuna kitu kitakachowaangusha, kilikuwa ndani ya vidole vya Fundi.

— Tuseme umefunga, alisema Antena. Tuseme tu. Kitatokea nini?

— Usiseme, alisema Mama Chupa.

— Lazima tulipime kitaalamu. Mota inavuta. Fundo linakataa. Mota inazidi kuvuta. Mota ile ni ndogo, haina pa kupumulia. Itapata moto.

— Halafu?

— Halafu itaungua. Moshi. Kule majaji wanaona kidege kinafuka.

— Wewe ndiye uliyelehemu, watasema ni nyaya zako, alisema Breki.

Antena alijirekebisha haraka.

— Basi haiungui. Nyaya zangu zitaizuia.

Breki alisema hakuna cha moto. Yeye alibeba mizigo miaka mingi, na shida ya mzigo ni moja: usiposhuka, unarudi nao. Kidege kitafika kwenye duara, kitashindwa kushusha, kitageuka na kilo yake ile ile. Na kitu kilichogeuka na mzigo kinakuja kwa hasira.

— Hasira ya nini? Ni chuma, alisema Antena.

— Umewahi kuendesha lori tupu na lori lililojaa ukalinganisha? Lina hasira. Nakwambia kitarudi moja kwa moja kwenye meza ya majaji. Wale wazee watalala chini ya meza na miwani yao.

— Mtoto atashtakiwa, alisema Mama Chupa.

— Hatashtakiwa. Atakayeshtakiwa ni aliyefunga fundo.

— Ninyi hamjui kitu, alisema Mama Chupa. Kidege kimeambiwa: fika, shusha, rudi. Sasa kama hakijashusha, kitarudije? Kitazunguka. Kitazunguka pale juu ya duara kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mpaka betri iishe.

— Na ikiisha?

— Upepo utakichukua. Kitaangukia mji mwingine. Watu wa huko watafungua mfuko... hawataweza kuufungua, umefungwa... watasema ni bomu.

— Wataita jeshi, alisema Breki.

— Jeshi litaita jeshi la jirani, alisema Antena.

— Vita, alisema Mama Chupa. Kwa uzi wa Fundi.

Walicheka wote watatu. Fundi hakucheka, na kicheko kikakatika.

— Lakini mimi nina wasiwasi na kitu kingine, alisema Antena kwa sauti ya chini, kama mtu anayemficha mgonjwa habari. Uzi hausogei. Mota inavuta. Kama uzi hauji kwenye mota, basi mota inakwenda kwenye uzi.

— Maana yake?

— Kidege kitajivuta chenyewe. Kitaingia mfukoni. Kitabaki mfuko unaopaa, na mapangaboi yanazunguka humo ndani.

Hata Breki alisema hilo linawezekana, alishawahi kuona winchi ya kuvutia magari ikifanya hivyo.

Fundi aliingia dukani, akatoka na kipande cha turubai, sindano ya magunia na kibunda cha uzi.

— Nitashona hapa hapa. Mtaona kama nafunga.

Alikaa kwenye ncha ya benchi. Alishona mshono wa mnyororo wa urefu wa kiganja. Alifika mwisho. Aliutoa mkono polepole, akainua kitambaa. Kitanzi cha mwisho kilikuwa wazi.

— Unaona! alisema Breki. Hukufunga.

Alishona wa pili. Wazi. Alishona wa tatu. Wazi. Antena alishika ncha ya uzi akavuta. Mshono ukafumuka wote, trrr. Fundi alipumua kwa mara ya kwanza tangu kile kifungo cha shati.

— Subiri, alisema Mama Chupa.

— Nini tena, Mama?

— Hapo ulikuwa unatazama. Wewe lini unatazama unaposhona? Mimi nakumiminia kahawa hapa mwaka wa tisa huu. Ukishona unaongea. Jana pia uliongea. Uligombana na Breki kuhusu lori lake, nilikusikia kutoka kule kona.

Benchi lilifikiri.

— Shona tena, alisema Antena. Breki, simulia.

— Nisimulie nini?

— Mlima. Siku ya breki.

— Mmesema mmeichoka.

— Tumeichoka. Simulia.

Breki hakuhitaji kuombwa mara ya tatu. Alianza pale anapoanzia siku zote, kwenye tani kumi na mbili za saruji na mvua ya manyunyu. Fundi alichukua turubai akaanza. Breki alifika kona ya kwanza, akakanyaga, mguu ukaenda hadi sakafuni. Akafika kona ya pili. Akasema alipiga honi mpaka ikakauka.

— Jana ulisema honi ilikuwa mbovu, alisema Fundi.

— Ilikuwa mbovu kwa sababu niliipiga.

— Hapana, ulisema ulitoa kichwa dirishani ukapiga kelele. Honi ilikuwa mbovu tangu ulipopakia. Ukaambiwa uitengeneze ukakataa.

— Nani alikuwa kwenye lori, mimi au wewe?

— Mimi nimelipanda lori hilo mara nyingi kuliko wewe, kwa jinsi ulivyolisimulia. Tani kumi na mbili! Mwezi uliopita zilikuwa kumi. Mwakani utakuwa umebeba mlima wenyewe...

Mama Chupa alinyoosha mkono akakichukua kitambaa.

Hakuna aliyemuuliza. Alikigeuza kwenye mwanga, akampa Antena. Antena alichukua kioo chake cha kukuzia vitu, japo hakikuhitajika. Fundo lilikuwepo. Dogo, limekaza, na ncha ya uzi imekatwa kwa meno.

— Sikukata, alisema Fundi.

— Umekata, alisema Mama Chupa taratibu. Ulipofika kwenye tani kumi.

Walirudia mara mbili zaidi. Mara zote mbili Breki alisimulia, Fundi akabisha, na fundo likafungwa. Mara ya mwisho Fundi alisema mapema kwamba safari hii atakumbuka. Alifunga kabla hajamaliza kusema. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika sita.

— Kimeshapaa, alisema Fundi.

Breki alitazama viatu vyake. Antena aliwasha redio ya mteja, akaizima. Fundi aliviringisha utepe kidoleni, akauviringua. Alikuwa anamwona binti, amesimama ukingoni mwa uwanja na rimoti mkononi, amebonyeza pale pa kushusha, na hakuna kinachoshuka. Anabonyeza tena. Wenzake watatu wanamtazama. Halafu anainamisha kichwa namna ile anavyokiinamisha tangu alipokuwa na miaka sita, akitaka mtu asione.

Ndipo alipofika mama mmoja amebeba pazia mkononi, la rangi ya udongo, limekunjwa mara nne. Hakuna aliyemjua, alikuwa amehamia mtaa wa nyuma wiki hiyo. Alisalimu, akasema anataka lifupishwe. Alijibiwa kwa sauti za chini. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Samahani, alisema. Kuna msiba?

— Bado, alisema Breki.

Mama Chupa alimpa kikombe na kumweleza. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio: kidege, kifurushi, mshono, fundo, mkono wa Fundi. Mama wa pazia alisikiliza bila kukatiza. Kisha aliuliza:

— Mmesema huu ni mfuko wa saba?

— Wa saba.

— Ile sita ya kwanza alishona nani?

— Mimi, alisema Fundi.

— Hapa hapa? Mkiongea?

— Tunaongea kila siku, alisema Breki.

— Na waliijaribu?

— Waliijaribu. Kila baada ya siku chache binti anakuja kutaka mwingine.

— Sasa ile sita ilifungukaje?

Breki alimtazama Mama Chupa. Mama Chupa alitazama chupa zake. Fundi aliitafuta siku ambayo mpwa wake alirudi akisema mfuko umegoma. Hakuipata. Au ipo, zamani kidogo, mwanzoni kabisa, kuna kitu binti alisema na yeye akakijibu kwa ukali. Hakikumbuki vizuri.

— Labda ile sita hakufunga, alisema Breki bila kujiamini.

— Kwa mkono huu? alisema Mama Chupa. Mkono huu tumeuona sasa hivi.

— Labda mota ina nguvu kuliko tunavyodhani, alisema Antena.

— Si ulisema itaungua?

Swali lilibaki pale pale. Mama wa pazia aliweka pazia magotini akanywa kahawa. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyemwambia arudi kesho. Saa tano ilipita. Saa tano na nusu ilipita. Saa sita kasoro dakika kumi simu ya Fundi ililia juu ya meza ya pasi, na watu wanne waliinuka kwa pamoja, benchi likabinuka.

— Weka sauti kubwa, alisema Antena. Hapo pembeni. Siyo hapo. Lete.

— Mjomba! Shikamoo, ilisema simu.

— Marahaba. Kimeanguka?

— Nini?

— Kifurushi.

— Mjomba, hata hali huniulizi?

— Hujambo? Kimeanguka?

— Kimeanguka katikati ya duara! Katikati kabisa, yaani ungedhani tumekwenda kukiweka kwa mkono. Tumeshika nafasi ya pili. Mjomba, tumeingia nne bora. Tumepata chuo. Wote wanne!

Breki alipiga kelele ambayo ilimtoa kinyozi wa ng'ambo ya barabara na mkasi mkononi. Antena alisema nyaya zangu, nyaya zangu, mpaka Mama Chupa akamwambia anyamaze wasikie. Mama Chupa mwenyewe alikuwa akijifuta macho kwa pindo la khanga na kumiminia watu kahawa bila kutazama vikombe. Mama wa pazia alipiga makofi, yeye ambaye saa mbili kabla hakujua kama kidege kipo duniani.

Fundi aliegemea mlango. Alitaka kusema jina la dada yake, akasema kitu kingine.

— Basi sikufunga.

Kwenye simu kulikuwa na kelele za uwanja, kisha zikapungua, kama mtu aliyeziba kipaza sauti kwa mkono.

— Hukufunga nini, Mjomba?

— Mwisho wa uzi. Tumekaa hapa tangu asubuhi roho juu. Nilidhani nimefunga.

Kicheko kilisikika nyuma yake, cha watu watatu, na mtu akisema mwambie, mwambie tu.

— Mjomba, ulifunga.

— Nilifunga?

— Umefunga yote saba.

Benchi lilimgeukia mama wa pazia, kama vile yeye ndiye aliyesema. Yeye alitoa ishara kwa kichwa: aendelee.

— Mfuko wa kwanza uligoma, alisema Nahodha. Kidege kilifika, kikazunguka juu ya duara mara nne, kikarudi na kifurushi chake.

— Nilisema! alisema Mama Chupa. Nilisema kitazunguka!

— Shikamoo Mama.

— Marahaba mwanangu, hongera, endelea.

— Tukauangalia, tukakuta fundo. Nikaja nikakwambia, Mjomba, umefunga mwisho. Ukasema hujafunga. Nikasema nimeliona. Ukaapa. Ukaapa kwa jina la bibi.

Sasa Fundi alikumbuka. Alikuwa anakata sare za shule, ana haraka, na alisema kwa sauti ambayo haimpi mtu nafasi ya kujibu.

— Sasa mimi nibishane na bibi? alisema binti. Nikanyamaza. Tukaamua tutakuwa tunalikata wenyewe. Tukaliandika kwenye orodha.

— Orodha ipi?

— Ya kabla ya kupaa. Kila timu lazima iwe nayo. Ngoja nikusomee. Moja, pima betri. Mbili, hakikisha mapanga yamekazwa. Tatu, pima uzito wa kifurushi. Nne, kata fundo la Mjomba. Tano, waambie watu wasogee nyuma.

— Imeandikwa hivyo? Fundo la Mjomba?

— Imechapwa. Jaji mkuu aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Akauliza, hili fundo la Mjomba ni kifaa gani?

— Aibu gani hii, alisema Fundi, ingawa uso wake ulikuwa unafanya kitu kingine. Ukamjibu nini?

— Nikamwambia ni kifaa cha usalama.

Breki alikaa chini barabarani, akishika tumbo.

— Siyo utani, Mjomba. Baada ya mfuko wako wa pili tulimwomba dada mmoja wa shuleni anayejua kushona atushonee mmoja, asifunge, kama nilivyotaka mwanzo. Njia ina mashimo, mfuko ulifumuka tukiwa bado kwenye gari, kifurushi kikamwangukia mtu mguuni. Ndiyo maana nilikurudia siku ile ile nikataka mwingine. Fundo lako linaushikilia mpaka dakika ya mwisho. Tunalikata tukiwa tumeshaufunga kwenye kidege, halafu tunapaa. Nilimweleza jaji hivyo hivyo, akaandika. Alama za usalama tumepata zote. Hakuna timu nyingine iliyopata zote.

Antena aliinua kidole kutaka kuongeza jambo la kitaalamu, akaona halipo, akakishusha.

— Kwa hiyo tangu mwanzo nilikosea, alisema Fundi.

— Ulikosea vizuri, Mjomba. Sasa sikiliza, kesho kuna fainali. Tunarudi jioni, tunahitaji wa nane.

— Nitaushona sasa hivi. Na nakuapia, safari hii sifungi.

— Hapana! zilisema sauti nne kwa pamoja.

— Funga, Mjomba, alisema Nahodha. Funga kama siku zote. Usipofunga hatutajua hata uzi wa kuvuta ni upi.

— Kama siku zote vipi, na siku zote sikujua kama nafunga?

— Hivyo hivyo, alisema binti, na simu ikakatika.

Fundi alichukua turubai jipya, akalipima, akalikata. Alikaa kwenye cherehani kwa pande tatu za mfuko, kisha akatoka nje na sindano ya magunia kwa upande wa nne. Watu walimwachia nafasi.

— Msinitazame.

— Nani anakutazama? alisema Breki akimtazama.

— Ongeeni basi.

Breki alianza na tani kumi na mbili, lakini alikuwa anafuata vidole vya Fundi, na lori lilisimama kona ya kwanza. Fundi alivuta kitanzi, akakishika kwa kinachofuata, akavuta kingine, mpaka akafika mwisho.

Mkono ulisimama. Fundi alijua sasa, na mkono ulijua kwamba anajua, ukamsubiri. Aliupitisha uzi ndani ya kitanzi cha mwisho, polepole kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, akaukaza.

— Nimefunga?

— Umefunga, alisema Antena.

— Mmeona wote?

— Wote, alisema mama wa pazia, akaliinua pazia lake kutoka magotini. Na langu ukifika mwisho, naomba ufunge hivyo hivyo.